Mistari Miwili Katika Kaunti ya Newcastle

Kwenye hati ya ardhi anayoishi babu yangu hakuna jina la babu yangu. Kuna jina la mtu ambaye sijawahi kumwona, namba ya bloku, namba ya kiwanja, na ukubwa wa eneo kwa hektari. Babu alizaliwa pale, wazazi wake wamezikwa pale nyuma ya migomba, lakini mbele ya daftari la ardhi yeye hayupo. Kwetu Masaka watu kama sisi huitwa wenye kibanja: tunaishi juu ya ardhi ya mailo iliyoandikwa jina la mwingine.

Nilipoingia chuo kikuu nilitaka kujua hati ya namna hii ilitoka wapi. Nilidhani jibu lingekuwa Uingereza. Sivyo. Sheria ya Uganda ya kusajili hati za ardhi, iliyotungwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, inafuata mfumo uitwao Torrens, na mfumo huo ulizaliwa mwaka 1858 katika koloni la Australia Kusini. Mwenye jina hilo, Robert Richard Torrens, aliwahi kuwa mkuu wa forodha katika mji wa Adelaide. Inasemekana aliona jinsi meli zinavyoandikwa katika daftari moja, mwenye meli akajulikana kwa kufungua ukurasa mmoja tu, akauliza kwa nini ardhi isiwe hivyo. Kabla yake, mnunuzi wa shamba alilazimika kufuatilia hati za zamani moja nyuma ya nyingine, miaka na miaka. Baada yake, lililoandikwa katika daftari ndilo lililo kweli.

Daftari la aina hiyo haliwezi kufanya kazi bila ramani. Kila kipande cha ardhi lazima kiwe na mpaka, namba, na mahali pake ndani ya kipande kikubwa zaidi. Ndivyo nilivyojikuta nikisoma ramani ya kaunti moja ya mashambani huko Australia Kusini, inayoitwa Newcastle, na nikakaa nayo kwa muhula mzima.

Kaunti hiyo iko upande wa bara kutoka ncha ya juu ya Ghuba ya Spencer, kaskazini-mashariki ya bandari ya Port Augusta. Mtu akitoka bandarini hupanda njia nyembamba ya Pichi Richi kati ya milima ya Flinders, kisha milima inaachana na mbele yake kunafunguka tambarare pana ya Willochra. Mji mkubwa hapo ni Quorn, na mkubwa kwa kipimo cha huko maana yake ni mji mdogo. Mito ipo katika ramani, imechorwa kwa wino wa buluu kama mito mingine, lakini sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga na miti ya mikalitusi kandokando. Kisha mvua moja ikinyesha milimani, maji yanashuka kwa ghafla. Mwaka 1852 Hugh Proby, kijana aliyeanzisha ranchi ya Kanyaka, alikufa maji katika mto Willochra uliofurika namna hiyo. Nchi ya ukame, na mwenyeji wake wa kwanza kutoka Ulaya akaangamizwa na mafuriko!

Sasa niseme kuhusu migawanyo, maana hapo ndipo msomaji wa Uganda anaweza kupotea kama nilivyopotea mimi. Kwetu tuna kaunti, kaunti ndogo na parishi. Kwa Kiganda saza, gombolola na muluka. Saza lina mkuu wake. Buddu, nilikotoka, ina Pokino, na kila mtoto anajua hivyo. Kwa hiyo niliposoma kwamba Australia Kusini ina kaunti 49, nilianza kutafuta machifu, ofisi, mahakama, walau gereza. Hakuna. Kaunti ya huko ni fremu ya ramani tu. Hakuna anayeiongoza na hakuna anayeipigia kura. Kazi yake ni kumwambia karani kipande fulani cha ardhi kiko katika karatasi ipi.

Chini ya kaunti kuna mgawanyo uitwao handredi, yaani mia. Neno lenyewe ni la kale sana, la Uingereza ya Waanglo-Saksoni, na huko lilikuwa na watu ndani yake: wazee walikutana, kesi ziliamuliwa. Lilipofika Australia Kusini mwaka 1846 lilibaki na hesabu peke yake, eneo la takribani maili mraba 100. Chini ya handredi kuna seksheni, ambayo ndiyo shamba linalouzwa. Vyote vilipimwa kwa mnyororo wa chuma wenye urefu wa yadi 22 na pingili 100. Minyororo 80 ni maili moja. Minyororo mraba 10 ni ekari. Ni hesabu tamu kwa mpimaji, kwa sababu haiachi mabaki.

Koloni hilo lilijengwa juu ya hesabu hiyo tangu mwanzo. Waanzilishi wake walifuata fikra za Edward Gibbon Wakefield: ardhi iuzwe kwa bei isiyo ya chini mno, fedha zilipie nauli za vibarua kutoka Uingereza, na vibarua wakishaweka akiba nao wanunue ardhi. Ili ardhi iuzwe lazima kwanza ipimwe. Serikali ilipotangaza handredi mpya, ilikuwa inasema kwamba mfugaji aliyekodi eneo hilo ajiandae kuondoka, wakulima wanakuja. Hivyo mpaka wa handredi ulisonga kaskazini kama mstari wa jeshi, mraba baada ya mraba, hadi ukafika mahali ambapo mvua haikukubali.

Hapo ndipo anaingia mtu niliyempenda kuliko wote katika habari hii, George Goyder, Mpima Ardhi Mkuu. Alikuwa mfupi wa kimo na mwingi wa kazi. Nampenda kwa sababu alianza kwa kukosea. Mwaka 1857, akiwa bado kijana, alikwenda kaskazini ya mbali baada ya mvua nyingi na kurudi na taarifa ya maziwa ya maji matamu na majani mabichi. Mkubwa wake alipokwenda kuhakikisha alikuta matope na mazigazi. Nadhani mtu akishaaibika hivyo mara moja, hatazami tena nchi kwa jicho lile lile.

Katikati ya miaka ya 1860 ulikuja ukame mkali. Ranchi za kaskazini, Kanyaka ikiwemo, zilipoteza kondoo kwa maelfu. Wafugaji wakaomba wapunguziwe kodi, na serikali ikataka kujua nani kweli ameumia. Mwishoni mwa mwaka 1865 Goyder akapanda farasi, akazunguka akitazama mahali mvua ilipofika na mahali ilipokoma. Vipimo vya mvua vya miaka mingi hakuwa navyo. Alisoma mimea. Palipoanza vichaka vya majani ya chumvi, vile vinavyovumilia udongo mkavu, alijua mvua haitegemewi. Hapo nilimkumbuka babu, kwa sababu sisi nasi mpaka tunausoma kwa mimea. Kati ya kibanja na kibanja kunaoteshwa masale, na mzee yeyote wa kijiji atakuonyesha masale hata ya mahali ambapo nyumba imeshaanguka.

Mstari wa Goyder unatoka mpaka wa Victoria karibu na Pinnaroo, unapanda kupitia eneo la Burra na Orroroo, unazunguka karibu na mlima Remarkable, kisha unashuka kuizunguka ghuba na kuendelea magharibi hadi upande wa Ceduna. Hauna hata pembe moja ya mraba. Unapinda nchi inapopinda. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba unakaribiana na mahali panapopata mvua ya inchi 10 hadi 12 kwa mwaka. Tambarare ya Willochra, na sehemu kubwa ya Newcastle, imebaki nje, upande wa ukame.

Mwaka 1872 bunge lilitumia mstari huo kama mpaka wa kuuza mashamba kwa mkopo. Miaka miwili baadaye likaufuta. Kwa nini? Kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha vizuri misimu kadhaa, na watu wakaamini kwamba mvua hufuata plau: mkulima akivunja udongo, hali ya hewa yenyewe itabadilika. Wamarekani nao waliamini hivyo wakati ule ule katika tambarare zao. Nisiwacheke sana. Mwenye njaa ya ardhi akiambiwa kwamba kuna ardhi, hatauliza maswali mengi kuhusu majani ya chumvi. Kikomo cha mkulima mmoja kilikuwa ekari 640, ambazo ni maili mraba moja kamili. Ndiyo mailo. Nilipoiona namba hiyo niliifunga ile ramani kwa muda. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliwagawia machifu na wenye ardhi wapatao 1,000 maili mraba 8,000 kwa kipimo hicho hicho, na kipimo kikageuka kuwa jina la ardhi yenyewe.

Wapimaji wakaingia Newcastle na minyororo yao. Handredi zikachorwa, seksheni zikapewa namba, na miji ikapangwa mitaa kabla ya kupata watu: Quorn mwaka 1878, kisha Gordon, Wilson, Bruce, Hammond na mingine. Reli kutoka Port Augusta ilifika Quorn mwaka 1879. Simmonston ulijengwa kwa matumaini kwamba reli itapita hapo; reli ikapita kwingine, na mji ukaachwa kabla ya kuishi. Kaskazini zaidi kuna mji ulioitwa Farina, neno la Kilatini lenye maana ya unga. Waliupa jina la chakula kabla ya kuvuna.

Ukame ulirudi mwaka 1880, ukakaa. Ngano iliota na kuungua, au haikuota kabisa. Upepo ukainua udongo uliolimwa. Wakulima walikuwa na deni la ardhi, deni la mbegu na deni la duka, na serikali ikalazimika kuwaruhusu kurudisha seksheni zao. Familia nyingi zilipakia mikokoteni na kwenda. Nimetazama picha za nyumba walizoacha: kuta za mawe zimesimama vizuri, bomba la moshi lipo, dirisha lipo, paa hakuna. Mawe yalitoka pale pale, kwa hiyo nyumba zinaanguka polepole na kurudi kuwa ardhi. Kondoo wakarejea, na bado wapo. Quorn iliponea kwa reli. Mstari uliofutwa na bunge ukarudi vichwani mwa watu, na leo kuna alama kando ya barabara kumwonyesha msafiri mahali unapopita.

Ningeweza kuishia hapo, na vitabu vingi nilivyosoma huishia hapo: mpimaji mwenye busara, wanasiasa wenye haraka, wakulima maskini. Ila nilikuwa na hati ya babu kichwani, na nikauliza kabla ya kondoo alikuwepo nani.

Walikuwepo Waadnyamathanha, jina ambalo maana yake ni watu wa miamba, na kusini yao Wanukunu na Wangadjuri. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1834 iliyoanzisha koloni iliiita nchi yao tupu isiyokaliwa. Halafu, mwezi Februari 1836, barua ya Mfalme William wa Nne ikasema kinyume: hakuna chochote ndani yake kitakachoondoa haki ya wenyeji wa pale na vizazi vyao kukaa na kufaidi ardhi wanayoikalia. Karatasi mbili, miaka miwili kati yake. Wapimaji walifuata ile ya kwanza. Majina waliyachukua, kwa maana Willochra na Kanyaka si maneno ya Kiingereza, na unaweza kuyaona hadi leo katika orodha ya handredi. Wenye majina hawakupewa seksheni.

Na Goyder? Kwa kadiri ninavyoona, mstari wake ulisoma mvua vizuri kuliko bunge zima, lakini nao ulichorwa kujibu swali la wafugaji na wakulima. Alitazama kila kichaka, na swali la nani anakijua kichaka kile kwa jina lake la kale halikuwa katika kazi aliyotumwa.

Mwaka 1992, katika kesi ya Mabo, Mahakama Kuu ya Australia ilikubali hatimaye kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi hazikufa kwa kufika bendera ya Waingereza. Lakini kuna sharti linalonirudisha kwa Torrens. Palipouzwa na kuandikwa hati ya umiliki kamili, haki ya mwenyeji imekufa kisheria. Palipokodishwa tu kwa ajili ya malisho, inaweza kuishi kando ya haki ya mfugaji. Kwa hiyo daftari bado linaamua. Tarehe 30 Machi 2009 Mahakama ya Shirikisho iliwatambua Waadnyamathanha kuwa wenye haki juu ya sehemu kubwa ya milima ya Flinders, na nchi iliyohusika kwa wingi ni ile ya malisho ya kaskazini na hifadhi, ile ambayo plau haikuweza kuishika.

Nilimsimulia babu habari hii wakati wa likizo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza wale watu wa miamba walikuwa wanaweka alama gani mipakani. Sikuwa na jibu, na yeye akaenda kupogoa masale.