Wiski ya Chungu cha Shaba: Ladha Hutoka Wapi?

Wengi huamini kuwa pipa ndilo linaloifanya wiski. Chungu cha shaba cha Midleton, Kaunti ya Cork, Ayalandi, kilichotengenezwa mwaka 1825 kikiwa na ujazo wa zaidi ya lita 140,000, kinatupa sababu ya kutilia shaka imani hiyo. Kodi ya mwaka 1785 juu ya kimea, yaani shayiri iliyooteshwa, iliwaongezea watengenezaji wa Ayalandi sababu ya kukichanganya na shayiri isiyooteshwa. Mchanganyiko huo, ukikenekwa katika chungu kama hicho, kwa kawaida mara 3, hutoa kinywaji kizito, chenye ulaini wa mafuta na ukali wa viungo.

Mpinzani atasema kinywaji hicho hutoka mtamboni kikiwa cheupe kama maji, na kisheria lazima kikae miaka isiyopungua 3 katika mapipa ya mbao. Ni kweli, tena pipa lililobeba burboni ya Marekani huleta vanila, na lile la sheri ya Hispania huleta zabibu kavu. Lakini tia wiski ya kimea kitupu katika pipa lilelile: vanila utaipata, ule uzito wa mafuta hutaupata. Uzito huo hutoka kwenye mchanganyiko wa shayiri, na kanuni za leo za wiski hii ya chungu hudai kila moja ya shayiri hizo mbili, iliyooteshwa na isiyooteshwa, ifikie angalau asilimia 30 ya nafaka.