Sharti Likigoma, Uliza Historia

Wasee wa kamera, hii ni yenu. Uko na picha 800 za harusi, mlipiga watu watatu, na unataka jina lako liingie tu kwa zile ambazo hazina jina la mpigaji. Unaandika sharti kwa ExifTool, unabonyeza, inakujibu kwamba faili zote zimefeli sharti. Ama mbaya zaidi, jina lako linaenda kukaa juu ya kazi ya mwenzako.

Wengi wetu hapo husema, "Mimi si mtu wa kompyuta." Mimi nakataa. Ile laini moja imebeba kazi ya vizazi kadhaa, na kila kizazi kinaisoma kivyake.

Anayeisoma kwanza si ExifTool. Ni lile dirisha jeusi la amri. Kwa Mac na Linux, tabia zake zinatoka kwa Unix ya miaka ya 1970: alama ya dola ikiwa ndani ya " ", dirisha linadhani unaliita lenyewe, linaimeza. Kwa hivyo nje weka ' ', hivi: -if '$Make eq "Canon"'. CMD ya Windows ni ukoo mwingine, haitambui ' ' kama kifungio. Huko geuza: " " nje, ' ' ndani.

Wa pili ni Perl, lugha ambayo Larry Wall, jamaa aliyesomea isimu, alitoa 1987. Perl inatenganisha maneno na namba: eq ni ya maneno, == ni ya namba. Ukilinganisha majina kwa ==, "Canon" inahesabiwa sifuri na "Nikon" pia sifuri. Sasa sharti litawatofautisha aje?

Halafu kuna kamera. Exif ilitoka Japani 1995, ikapanga mahali pa kuandika jina la kampuni, lakini kila kampuni inajiandika inavyotaka. Nikon nyingi husema NIKON CORPORATION, so eq "Nikon" haitapata kitu. Tumia '$Make =~ /nikon/i'.

Lakini mtego wenyewe uko kwa jina la mpigaji. Exif inaliita Artist. Mashirika ya habari, kupitia IPTC, yalikuwa na lao, By-line. Adobe ikaleta XMP 2001, huko linaitwa Creator. Watatu hawa wanaishi ndani ya picha moja bila kusalimiana. Ukiuliza Artist peke yake, unaweza kuambiwa picha haina mwenyewe, kumbe jina la mwenzako liko kwa By-line. Uliza wote:

-if 'not $Artist and not $Creator and not $By-line'

Na kabla ya kuandika chochote, soma kwanza. Weka -FileName baada ya sharti, uone ni picha gani zimepita. Phil Harvey, Mkanada aliyetoa ExifTool bure 2003, aliiwekea pia huruma: ukibadilisha faili, ya zamani inabaki na _original mwishoni. Usizifute mpaka uhakikishe.

Chuo niliachia njiani, lakini hii historia naona inanilisha. Jina kwenye picha ndilo msee hutumia kudai pesa yake. Sharti likigoma, usibonyeze tena kwa hasira. Uliza ni nani kati ya hawa wazee hajakuelewa.