Kampuni Ilipoitwa Baba na Mama

Katika mji wetu wa Kolwezi, wazee waliofanya kazi migodini bado huitaja Gécamines kwa maneno mafupi: njo baba, njo mama. Kwa vijana wanaotafuta kazi leo, maneno hayo ni kama hadithi ya nchi nyingine. Sisi walei, tunaoishi kati ya mashimo ya shaba na malundo ya mchanga wa Kingamyambo, yafaa tuyatafakari. Malezi hayo yalitoka wapi? Yalivunjika kwa nini? Na leo mfanyakazi analelewa na nani?

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na shaba yake ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Wafanyakazi wa miaka ile waliletwa kutoka mbali, wengi wao kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kwa mikataba ya miezi michache. Walilazwa wakisongamana, wakala vibaya, na magonjwa ya mapafu na ya tumbo yakawaua wengi. Wengine walitoroka. Aliyekufa au kukimbia aliwekewa mwingine mahali pake, kana kwamba mtu ni chombo cha kubadilishwa kinapochakaa.

Kuanzia karibu mwaka 1928 kampuni iligeuza mwendo. Wafanyakazi walikuwa vigumu kupatikana, na gharama ya kuleta wapya kila mara ilikuwa kubwa. Basi ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu, ikawakaribisha wanaume pamoja na wake zao, ikajenga nyumba, hospitali na mahali pa kujifungulia, na kugawa posho kwa baba, mama na watoto. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa miongoni mwa wasimamizi wakuu wa mpango huo. Kolwezi yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1937, ilizaliwa ndani ya fikira hiyo: kwamba mtu mwenye afya, aliyelala vizuri na asiyehangaikia watoto wake, hufanya kazi bora zaidi.

Fikira hiyo ilikuwa ya kweli, na matunda yake yalionekana. Vifo vilipungua, watoto wakaongezeka, na katika shule zilizoendeshwa na wamisionari, hasa Wabenedikto, vijana walijifunza kusoma na kushika ufundi. Hatuna sababu ya kuyadharau hayo, kwa maana familia nyingi za parokia zetu zimetoka humo.

Lakini malezi hayo yalikuwa na bei yake. Nyumba ilikuwa ya kampuni, kadhalika posho, hospitali na shule. Aliyepoteza kazi alipoteza vyote kwa siku moja. Serikali, kampuni na misioni zilishikana mikono, na mfanyakazi akahesabiwa kuwa mtoto ambaye wengine huamua kwa ajili yake. Mwezi wa Desemba 1941, bei za vitu zikiwa zimepanda kwa sababu ya vita, wafanyakazi walisimamisha kazi na kuomba mshahara wa kutosha. Tarehe 9 ya mwezi huo askari waliupiga risasi umati uliokusanyika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na makumi ya watu wakafa. Kampuni iliyojua kumpima mtoto uzito hospitalini haikujua kumsikiliza baba yake. Ni mwaka 1946 tu ambapo Waafrika waliruhusiwa kuwa na vyama vyao vya wafanyakazi, navyo chini ya uangalizi mkali wa serikali.

Mwaka 1967 migodi ilitwaliwa na taifa, na kampuni ambayo baadaye ingeitwa Gécamines ikaendeleza malezi yale yale. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mwaka 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ulibomoka. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai, waliokuwa wamejenga mji huu pamoja nasi, walifukuzwa makwao. Mishahara ikakawia miezi, halafu miaka. Mwaka 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, mpango wa kuondoka kwa hiari ulianza, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaiacha Gécamines kwa malipo ya mara moja. Ndipo ufa wa zamani ulipoonekana wazi: baba na mama alipofilisika, watoto hawakuwa na urithi. Waliyodhani ni haki yao yalikuwa yamefungwa kwenye nguvu ya kampuni.

Tangu hapo kampuni mpya zimekuja, na zimejifunza kutoahidi mengi. Katika mgodi mmoja hukutana leo watu wa namna mbalimbali. Wawili hushika zamu moja na kuvuta vumbi moja. Mmoja ameajiriwa na mwenye mgodi, mwingine ameletwa na kampuni ya kati kwa mkataba wa muda mfupi. Mara nyingi mshahara wao haulingani, wala matibabu ya jamaa zao. Huyo wa pili akiumia, kila ofisi humwelekeza kwenye ofisi nyingine. Zamani mfanyakazi alikuwa na mlezi aliyemtawala. Leo wengi wana mabwana wawili na hawana mlezi.

Mafundisho ya Kanisa yametutangulia katika jambo hili. Mwaka 1891, katika Rerum Novarum, Papa Leo XIII alifundisha kwamba mshahara sharti umtoshe mfanyakazi kuishi, na kwamba ana haki ya kujiunga na wenzake. Mwaka 1981, katika Laborem Exercens, Papa Yohane Paulo II alieleza kwamba zaidi ya mwajiri anayetia sahihi mkataba yupo pia mwajiri asiye wa moja kwa moja: wote ambao maamuzi yao huamua hali ya kazi. Nao pia wana wajibu. Kwa fundisho hilo, mwenye mgodi hawezi kunawa mikono akisema kwamba mtu yule si wake.

Basi historia yetu inatufundisha mambo mawili kwa pamoja. Kumtunza mfanyakazi huleta kazi njema, kama ilivyoonekana tangu 1928. Lakini utunzaji unaotolewa kwa ajili ya tani za shaba hukoma tani zinapopungua. Ustawi wa mtu hauna budi kusimama juu ya haki inayomfuata hata akibadilisha kampuni, na juu ya sauti yake mwenyewe. Wenzetu wenye madaraka ofisini waulize watu wa kampuni za kati wanatibiwa wapi. Wenye kampuni ndogo wakumbuke kwamba Torati iliagiza kibarua alipwe kabla ya jua kutua. Nasi wafanyakazi tusimwache aliye na mkataba mfupi ajitetee peke yake.

Mchanga wa Kingamyambo ulitupwa kwa miaka mingi kama takataka. Leo mashine zinauosha upya, kwa kuwa bado umo shaba na kobalti. Ikiwa mchanga uliotupwa hutafutwa tena kwa bidii kiasi hicho, je, si zaidi mtu, aliyeumbwa kwa sura ya Mungu?