Mwami, Mheshimiwa, Dada: Mavazi ya Wanawake wa Siasa, kutoka Buha hadi Dodoma



Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi. Mbunge ni mbunge, mheshimiwa ni mheshimiwa, na kiambishi a- cha nafsi ya tatu hakimwulizi mtu kama ni mume au mke. Waha wa Kasulu na Kibondo nao wana neno Mwami, lililowafaa watawala wa kiume na wa kike sawia. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni, Heru, wilayani Kasulu, ilikuwa na Mwami Theresa Ntare, na cheo chake hakikuongezewa neno lolote la kumtambulisha kuwa mwanamke. Hoja yangu leo ni kwamba jinsia ambayo sarufi yetu haikuiweka, mazungumzo juu ya mavazi yameiingiza kwa mlango wa uani.

Tuanze na tukio lililo karibu. Tarehe 1 Juni 2021, mjini Dodoma, Mbunge wa Nyang'hwale, Hussein Amar, alisimama kulalamikia mavazi ya baadhi ya wabunge wanawake. Kwa mfano, alimtaja dada yake aliyeketi upande wake wa kulia, aliyevaa nguo ya njano, akamwomba Spika aitazame suruali yake. Spika Job Ndugai alimwagiza mbunge huyo, Condester Sichalwe wa Momba, atoke, akavae vizuri, kisha arejee. Wabunge wanawake hawakunyamaza. Jacqueline Ngonyani alitaka mwenzao aombwe radhi. Ikumbukwe kwamba tangu tarehe 19 Machi mwaka huohuo nchi ilikuwa na Rais mwanamke, Samia Suluhu Hassan. Buha nayo ilikuwa na wawakilishi wanawake katika Bunge hilo: Joyce Ndalichako wa Kasulu Mjini, aliyekuwa Waziri wa Elimu, na Florence Samizi wa Muhambwe, yaani Kibondo, aliyechaguliwa katika uchaguzi mdogo wa tarehe 16 Mei, siku 16 tu kabla ya kisa hiki.

Mwanaisimu hawezi kulipita neno dada hivihivi. Ni neno la upendo na staha, na mtu anayeitwa hivyo aghalabu hafikirii kuwa ametukanwa. Lakini undugu una mamlaka yake. Kaka ana haki ya kumwonya dada kuhusu nguo aliyotoka nayo nyumbani; mbunge hana haki hiyo juu ya mbunge mwenzake, ila kwa kanuni. Kwa neno moja, mheshimiwa aliondolewa katika ukumbi wa sheria akapelekwa sebuleni kwa jamaa zake, na huko kesi yake ilikuwa imekwisha kuamuliwa. Ni kweli kwamba wanaume nao wana masharti yao ya suti na tai. Hata hivyo, kwa kawaida mwanamume asiyefunga tai huambiwa amekiuka utaratibu, ilhali mwanamke huambiwa amekosa heshima, na mambo haya mawili hayalingani kwa uzito.

Sababu zinazotolewa hubadilika kwa kadiri ya nyakati. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokusudiwa kuanza tarehe 1 Januari 1969, kupiga vita vimini, mawigi, madawa ya kujichubua na suruali za kubana. Hata kabla ya siku hiyo, makundi ya vijana yalikuwa yamekwisha kuwashambulia wanawake huko Kariakoo. Sababu wakati ule ilikuwa utamaduni wa taifa. Lakini katika miaka hiyohiyo serikali iliwataka Wamasai waache lubega yao na kuvaa suruali! Mwezi Septemba 2018 Spika Ndugai alipiga marufuku kope na kucha bandia bungeni, na safari hii iliyotajwa ilikuwa afya. Mwaka 2021 ikawa hadhi ya Bunge. Utamaduni, afya, hadhi: hoja zimepishana, mtazamwa amebaki yuleyule.

Hapo ndipo historia ya nguo katika Buha inapotufaa. Wahenga wa Waha walivaa magome ya miti yaliyopondwa na ngozi. Nguo za pamba ziliingia kwa biashara, kisha kwa manamba, wale wanaume waliosafiri hadi mashamba ya mkonge ya Tanga, wakirudi na fedha ya kodi na doti za nguo kwa wake zao. Kitenge, ambacho leo kinahesabiwa kuwa vazi la asili la mama wa Kigoma, ni nguo yenye asili ya batiki za Java iliyoigwa na viwanda vya Uholanzi, na Kigoma imezoea kukipata kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Mwanasiasa anayevaa kitenge ili asisemwe amevaa ugeni uliokwisha kuzeeka. Anayevaa suruali amevaa ugeni ambao bado haujazoeleka. Sioni tofauti nyingine.

Wako wasomi wanaodhani kwamba ukali huu hutoka vijijini. Kumbukumbu za Buha hazilithibitishi jambo hilo kwa wepesi. Mwaka 2010 wapiga kura wa Kasulu Vijijini walimchagua Agripina Buyogera kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, jimboni, si kwa viti maalumu; chama hicho kilipata majimbo manne mwaka ule, yote mkoani Kigoma. Sisemi kwamba wagombea wanawake hawakuchunguzwa mavazi yao katika mikutano ya Kasulu na Kibondo. Minong'ono ya mkutanoni haiandikwi katika kumbukumbu rasmi. Nasema tu kwamba amri zilizoandikwa, zile zenye nguvu ya kumtoa mtu mlangoni, zilitoka Dar es Salaam na Dodoma.

Limebaki neno moja, stara, ambalo watetezi wa amri hizi hulipenda mno. Limetoka katika Kiarabu, na katika Kiswahili cha wazee halihusu nguo peke yake. Kumsitiri mtu ni kumfunikia aibu yake, kuyageuza macho, kutoyatangaza uliyoyaona. Kwa maana hiyo, stara ni tendo la mtazamaji kabla ya kuwa tendo la mvaaji. Siku ile ya Juni, mtu mmoja aliliomba Bunge zima limtazame mwanamke kiunoni na miguuni, kwa jina la stara. Katika kamusi zetu kitenzi kusitiri kipo, na maana zake zote mbili zipo. Wanafunzi watakaokwenda Heru Juu na Kibondo kukusanya msamiati wa mavazi wawaulize bibi zetu wa huko ni ipi kati ya hizo waliyofundishwa kwanza.