Theluji ya ziwa: jina, chanzo na tahadhari kwa msafiri

Kila ifikapo Oktoba, watabiri wa hali ya hewa wa Marekani na Kanada huanza kuitaja theluji ya namna ya pekee, ile inayoanguka kandokando ya maziwa makubwa ya Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario. Kwa Kiswahili, tafsiri inayokuja haraka ni "theluji ya athari ya ziwa". Naipinga. Tumezoea kusikia athari za mafuriko, athari za ukame, athari za dawa za kulevya. Dereva wa lori akisikia "athari ya ziwa" atadhani ziwa limefurika na kula barabara. Napendekeza tuseme theluji itokanayo na ziwa, na kwa kifupi theluji ya ziwa, kwa sababu ziwa ndilo chimbuko lake.

Hewa baridi kutoka kaskazini mwa Kanada hushuka na kupita juu ya maji ambayo bado yana joto la kiangazi. Maji huipa hewa hiyo joto na mvuke, nayo hupanda, mawingu yakajikusanya, na theluji ikamwagwa kwenye ufuo wa ng'ambo. Kanuni wanayoanza nayo watabiri ni tofauti ya nyuzijoto 13 za Selsiasi au zaidi kati ya uso wa maji na hewa iliyo kwenye kimo cha mita 1,500 hivi. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanaijua nusu ya habari hii: dhoruba nyingi za huko huzuka usiku, pepo za nchi kavu zinapokutana juu ya maji yenye joto. Kinachokosekana Mwanza na Kisumu ni ile baridi kali tu.

Joto peke yake halitoshi. Upepo unahitaji masafa marefu juu ya maji ili ushibe mvuke, na hapo Ziwa Erie lina bahati mbaya ya umbo. Lina urefu wa karibu kilomita 390, limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, na mji wa Buffalo, jimbo la New York, umekaa kwenye ncha yake ya mashariki. Upepo ukifuata urefu huo wote, mawingu hujipanga katika mstari mmoja mwembamba. Mstari huo tuuite mkanda wa theluji, tofauti na ukanda wa theluji, yaani eneo zima ambalo huangukiwa mwaka hadi mwaka. Tofauti hiyo ni muhimu kwa msafiri: ukanda uko palepale, lakini mkanda huhama.

Novemba 2014 ilionyesha maana ya mkanda. Viunga vya kusini mwa Buffalo vilifukiwa na theluji ya zaidi ya mita moja na nusu kwa siku chache, milango ya nyumba ikazibwa, huku mitaa ya kaskazini mwa mji huohuo ikipata sentimita chache tu. Ukuta mweupe wa wingu ulionekana wazi kwa aliyesimama nje yake. Magari yaliyokuwa kwenye barabara kuu ya I-90 yalinaswa, na baadhi ya wasafiri wakakaa ndani ya magari kwa zaidi ya saa 24.

Utabiri wa theluji hii ni mgumu kwa sababu ya wembamba huohuo wa mkanda. Mkanda waweza kuwa na upana wa kilomita 15 au 20 tu, na upepo ukigeuka nyuzi chache, theluji iliyotarajiwa mtaa huu huangukia mtaa wa pili. Tena mawingu haya ni mafupi kwa kimo. Rada iliyo mbali hupitisha miale yake juu yao isiyaone vizuri. Ndiyo maana mtabiri makini husema mapema kwamba theluji nyingi inakuja, lakini hutaja mitaa saa chache tu kabla.

Mwanzo wa msimu ndio wenye hila zaidi. Maji yana joto jingi, kwa hiyo nguvu ya mawingu ni kubwa, lakini joto hilohilo laweza kugeuza theluji kuwa mvua karibu na ufuo, wakati vilima vya jirani vinageuka vyeupe. Na theluji ya wakati huo ni ya majimaji, nzito. Tarehe 12 na 13 Oktoba 2006 Buffalo ilipata zaidi ya nusu mita, miti ikiwa bado na majani. Majani yakaibeba theluji, matawi yakavunjika na kuangukia nyaya, umeme ukakatika kwa mamia ya maelfu ya wateja. Barabarani nako lami bado ina joto: theluji ya kwanza huyeyuka, kisha jioni maji yake huganda, na madaraja hutangulia kuganda. Madereva wengi wanakuwa hawajabadili matairi. Katika jimbo la Quebec, Kanada, sheria hulazimisha matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba tu, na mkanda hausubiri tarehe hiyo.

Baadaye Ziwa Erie, ambalo lina kina cha wastani cha mita 19 tu, huweza kuganda, na barafu ikishaufunika uso wake chanzo cha mvuke hufungwa. Ziwa Ontario ni la kina zaidi na ni nadra kuganda lote, hivyo uwanda wa juu wa Tug Hill ulioko mashariki yake huendelea kupokea theluji.

Buffalo leo ina wasemaji wa Kiswahili, wakiwemo waliotoka Kongo. Wanaowatafsiria taarifa watumie maneno tuliyokwisha kuyazoea kwenye taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Ushauri wa safari usichanganywe na katazo la safari. Katazo likitolewa, kuendesha gari bila dharura ni kuvunja sheria. Nawe msomaji unayeishi huko, ukisoma "theluji ya ziwa" tafuta kwanza mkanda uko wapi na unaelekea wapi. Anga la bluu juu ya nyumba yako halikuambii lolote kuhusu barabara iliyo kilomita 10 mbele.