Nani Aliweka Namba?

Kwa kinyozi wangu Kayole, gazeti la jana halitupwi. Linakaa kwenye benchi, ukurasa wa mafumbo ukiwa juu, na kila anayengoja zamu anaongeza tarakimu yake kwenye Sudoku. Wiki jana nilikuta mtu ameandika 7 mbili kwenye mstari mmoja, tena kwa kalamu ya wino. Niliudhika kuliko ilivyostahili.

Kama hujawahi kucheza: kuna nafasi 81, mistari 9 ya kulala, 9 ya kusimama, na visanduku 9 vya tatu kwa tatu. Kila mstari na kila kisanduku lazima kiwe na 1 hadi 9 bila kurudia. Hesabu haimo kabisa. Ungeweka picha za matunda mchezo ungekuwa uleule. Kazi ni kuondoa. Chukua kisanduku cha juu kulia, kinachokosa 7. Mstari wa kwanza tayari una 7 yake upande wa kushoto. Wa pili una yake katikati. Kwa hivyo 7 yetu iko mstari wa tatu, na huko ndani ya kisanduku kuna nafasi tatu, mbili zimeshajazwa. Imebaki moja. Hujakisia chochote.

Wengi hudhani mchezo huu ni wa Kijapani kwa sababu ya jina. Jina ndilo la Kijapani. Fumbo lenyewe lilitokea Marekani Mei 1979, kwenye jarida la mafumbo la Dell, likiitwa Number Place. Jina la mtunzi halikuwekwa.

Mwaka 1984 likaingia Japani kupitia Nikoli, jarida la Maki Kaji. Huyu jamaa nampenda, nakiri. Aliacha chuo kikuu kama mimi, akafanya kazi kwenye kampuni ya uchapishaji, halafu akaanzisha jarida la mafumbo na kulipa jina la farasi wa mashindano. Fumbo la Wamarekani alilipa jina refu lenye maana ya kwamba tarakimu lazima ziwe kapera, yaani kila moja ikae peke yake. Likafupishwa: Sudoku. Nikoli pia wakaweka masharti yao, kwamba tarakimu za kuanzia zisizidi 32 na zipangwe kwa ulinganifu, na ndiyo maana fumbo zuri linapendeza hata kabla hujaligusa.

Mwaka 1997 Wayne Gould, jaji mstaafu wa Hong Kong aliyezaliwa New Zealand, akaliona kwenye duka la vitabu Tokyo. Akatumia miaka kama sita kuandika programu ya kuyatunga, akaipelekea The Times ya London, nao wakaanza kuchapisha tarehe 12 Novemba 2004. Kutoka hapo ulimwengu mzima ukashikwa.

Sasa, aliyebuni ni nani? Will Shortz, mhariri wa mafumbo wa New York Times, alirudi kwenye matoleo ya zamani ya Dell. Mafumbo hayakuwa na majina, lakini jarida lilikuwa na orodha ya waliochangia toleo zima. Hebu fikiria, ni Sudoku tupu! Toleo lenye Number Place, angalia nani yupo. Toleo lisilo nayo, angalia nani hayupo. Jina moja lilikuwepo kila mara fumbo lilipokuwepo, na halikuwepo kila mara lilipokosekana: Howard Garns, msanifu majengo wa Indiana, aliyekuwa na miaka 74 fumbo lilipotoka. Alikufa 1989, miaka 15 kabla ya The Times. Hakuwahi kuona mtu akigombania penseli kwa sababu yake.

Hapo ndipo niliposimama kidogo. Tangu niache chuo mwaka wa tatu, karo iliponishinda, kodi yangu inatoka kwa insha ninazowaandikia wanafunzi wa ng'ambo. Nimeandika kuhusu uuguzi, sheria ya mikataba, hata falsafa ya mtu ambaye sikumwelewa na bado tukapata alama ya juu. Tukapata, yaani alipata yeye. Jina langu haliko kwenye karatasi yoyote, na hata hili halitoi sifa, najua; anayenunua na anayeuza wote hawataki lionekane.

Lakini nilifungua simu nikapanga ujumbe wa M-Pesa kwa tarehe, nikaweka kando na mafaili kwenye laptopu. Wiki niliyofunga insha tatu, malipo matatu. Wiki niliyougua, hakuna kitu. Kila palipo na insha jina langu lipo, palipokosekana halipo. Simu inanung'unika kila siku kwamba nafasi imejaa. Nimefuta picha, nimefuta nyimbo. Ujumbe huo bado upo.