Kanisa la Mtakatifu Mikaeli, Blantyre: Historia Fupi ya Jengo

Kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote ni kanisa la Kipresbiteri lililojengwa Blantyre, kusini mwa Malawi, kati ya mwaka 1888 na 1891. Lilibuniwa na mchungaji asiyesomea usanifu majengo, likajengwa na mafundi waliojifunza uashi papo hapo kazini.

Misheni ya Blantyre ilianzishwa na Kanisa la Scotland mwaka 1876. Henry Henderson ndiye aliyechagua mahali penyewe, katika nyanda za juu za Shire, na kituo kikapewa jina la mji wa Scotland alikozaliwa mmisionari na mpelelezi David Livingstone. Mji mdogo ukaota kukizunguka.

Mwaka 1881 mchungaji David Clement Scott aliwasili kuongoza misheni. Ibada ilipohitaji jengo la kudumu, alichora kanisa yeye mwenyewe. Ujenzi ulitegemea udongo wa huko huko: matofali yalifyatuliwa na kuchomwa na Waafrika wa eneo hilo. Kwa kuwa mapambo hayakuchongwa katika jiwe, kila pindo la tao na kila ukingo wa dirisha ulitaka tofali la umbo lake. Ndiyo sababu kanisa hili lina matofali ya maumbo 81.

Jengo linachanganya mitindo kadhaa. Upande wa magharibi kuna minara miwili isiyofanana. Kuba lake linakumbusha makanisa ya Bizanti, na viegemezo vya kuta vinatokana na mtindo wa Kigothi wa Ulaya. Mchanganyiko huo ulikuwa na maana. Scott aliamini kwamba Wakristo wa Afrika ni warithi wa urithi wote wa Kanisa, wa Mashariki na wa Magharibi, wala si wa desturi za Scotland peke yake. Kwa imani hiyo, banda la kawaida la misheni lisingetosha.

Kanisa lilifunguliwa tarehe 10 Mei 1891. Mwaka uliofuata Scott alichapisha kamusi yake kubwa ya lugha ya Kimang'anja, kazi iliyotokana na heshima ile ile kwa watu aliojenga nao. Aliiacha Blantyre mwaka 1898, na Alexander Hetherwick akashika uongozi. Mwaka 1901 Scott alikwenda Kikuyu, nchini Kenya, akaongoza misheni ya Kanisa la Scotland huko hadi alipofariki mwaka 1907.

Mwaka 1924 presbiteri za Blantyre na Livingstonia ziliungana kuunda Kanisa la Kipresbiteri la Afrika ya Kati, na Mtakatifu Mikaeli likawa sehemu ya kanisa hilo. Blantyre imekua kuwa jiji kubwa la biashara. Ibada zingali zikifanyika ndani ya kuta zile zile za matofali mekundu.